Safu ya Saba

Daftari lina safu tisa.
Jina, umri, jinsia. Ya nne kabila, ya tano makazi.
Ya saba haitaki maneno, inataka herufi:
K kwa aliyekubali, X kwa aliyekataa.

Tulitoka Kaabong kabla ya jogoo,
Lotyang mbele, mimi nyuma, kisanduku cha baridi mapajani,
nimekipakata kama mtoto wa wenyewe:
dozi sitini za homa ya mafua, ile mpya,
iliyoingia nchini kwa ndege na kufika huku kwa miguu.
Kwenye kijito cha pili pikipiki ilikata tamaa.
Tukaupanda mlima Timu, mahali pengine kwa magoti.
Barafu ikaanza kudondoka,
tone, tone, kwenye sketi yangu ya sare.

Wa-Ik walitusikia kabla hawajatuona.
Lotyang aliita kwa lugha yake, lugha ya bondeni,
maneno mazuri tu: njooni, dawa, bure.
Lakini ni lugha ileile iliyowahi kuja usiku
na bunduki, ikaondoka na mbuzi.
Ua ukafungwa. Mtoto mmoja alisahauliwa nje,
akatukodolea macho, kidole kinywani,
hadi mkono ukatoka kwenye tundu la ua ukamvuta ndani.

Lotyang akavua kofia. "Waandikie X," alisema, hakunitazama.
"Mwaka wa surua tuliandika hivyohivyo."

Nikakaa chini. Haukuwa ushujaa, yalikuwa malengelenge.

Jua lilipopanda akatoka Nangoli, mrina asali,
mikono inanuka moshi,
Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, kifupi kama kuni:
"Homa hiyo ilipita wapi, na barabara hamna?
Yenyewe imeweza kupanda.
Dawa ilishindwa na nini miezi minane?"

Sikuwa na jibu. Kampala, nilikochanjwa mimi,
foleni ilikuwa na viti, na kivuli,
na lugha tatu za kuulizia choo kiko wapi.

Akasogea. "Na humo umeniandika nani?"
Nikamwonyesha safu ya nne. Hasomi; akaipapasa
kama mtu anayetafuta mwiba,
nami nikamwona mama yangu kwenye dirisha la hospitali, Bombo,
karani akiuliza kabila, mama akijibu: Mnubi,
karani akishuka na orodha, akipanda, akishuka tena,
mwisho akaandika "Wengineo",
na mama akalibeba neno hilo nyumbani
kwenye mfuko mmoja na Panadol.

Nangoli akatoa bega. Nyuma yake wakatoka kumi,
mmoja mmoja, kwa lile tundu la ua, wameinama.
Wa kumi na mbili alikuwa Lokwang Hilary, miaka kumi na tisa.
Alikwisha kunja shati hadi begani, amefumba macho tayari.
Nikatazama kipimajoto: nyuzi kumi na moja.
Zilizobaki zimeharibika.
Nikamwambia hapana.

Alifumbua jicho moja. Akashusha mkono wa shati polepole,
akafunga kifungo, kile cha chini, kilichokuwa kimelegea.

Yule mtoto wa mwanzo akarudi. Nikampa pakiti ya barafu,
nusu maji. Akaiweka shavuni, akapiga kelele, akaiweka tena.

Wiki ijayo kuna mtu ofisini atakayesoma:
Ik. Timu. Dozi sitini. Kumi na mmoja.
Atasema, kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli,
watu wale wana mila ngumu.

Jina: Lokwang Hilary. Kabila. Makazi.
Kwenye safu ya saba kalamu ilisimama.
Nani alimkataa nani hapa?
Tone likaanguka kutoka kwenye kifuniko, palepale,
karatasi ikavimba, mistari ya bluu ikachanganyika.

"Itasomeka kama doa," alisema Lotyang.

Basi na isomeke.